Willis Carrier, mutu aliyefundisha dunia kupima hewa mbele ya kuipoza

Leo tunawaletea maisha ya Willis Haviland Carrier. Labda mumeisha kuona jina lake limeandikwa kwenye klimatizeri, mu banki ao mu hoteli, mukafikiri ni jina la kampuni tu. Hapana. Mbele ya kuwa jina la kampuni, lilikuwa jina la mutoto wa mulimaji.

Tumemuchagua juu ya swali moja. Mwenye kontwari, mwenye farmasi, ao koperative inayojenga ofisi, anunue klimatizeri gani? Wengi wanauliza bei, kisha wanauliza ukubwa. Carrier alitumia karibu miaka makumi tano kuonyesha kama swali la kwanza ni lingine: hewa ya mule ndani iko namna gani, na ni kitu gani kinaiharibu? Anayeruka swali hilo anatupa franga zake. Na kwa mutu anayeshuka mu shimo, si franga peke yake.

Mapome ya mama

Carrier alizaliwa tarehe 26 mwezi wa 11, mwaka wa 1876, mu kijiji kinachoitwa Angola. Si ile Angola jirani yetu. Hii iko mu jimbo la New York, Marekani, karibu na muji wa Buffalo. Alikuwa mutoto wa pekee. Pale alipoanza shule, hesabu za nusu na robo zilimushinda kabisa. Mama yake akamutuma kuleta mapome, akayakata mbili, ine, nane, wakahesabu vipande pamoja paka mutoto akafahamu. Mama huyo alikufa wakati Willis alikuwa na miaka 11 tu. Lakini lile fundisho lilibaki: jambo kubwa likikushinda, likate vipande.

Franga za masomo hazikuwako. Alifundisha shule ya watoto kwanza, kisha akashinda bursi ya kuingia univerisite ya Cornell, na hata kule alifanya kazi ndogo ndogo kusudi apate chakula. Mwaka wa 1901 akatoka na diplome ya injenia, akaingia kazini kwa kampuni Buffalo Forge, mushahara dola 10 kwa juma. Kampuni ile ilitengeneza mashini za kupasha hewa joto na za kuisukuma. Kazi zake za kwanza zilihusu kukausha mbao na kahawa. Wakaaji wa Kivu wanajua kazi ile: kahawa isipokauka vizuri, inaoza.

Karatasi iliyovimba

Mwaka wa 1902, emprimeri moja ya Brooklyn, Sackett & Wilhelms, ilikuwa na shida. Walikuwa wanachapa picha za rangi, na kila rangi ilipita kwenye karatasi kwa zamu yake. Siku za joto na mvua, hewa ilijaa maji, karatasi ikavimba kidogo. Kesho yake hewa ikakauka, karatasi ikajikunja. Rangi ya pili haikuangukia tena pale pa rangi ya kwanza. Kazi ikaharibika, karatasi zikatupwa, muda ukapotea.

Tuangalie vizuri hapo. Watu wa ile emprimeri hawakulalamika juu ya jasho lao. Shida yao ilikuwa maji yaliyo mu hewa, yale yasiyoonekana. Ndiyo sababu Carrier hakuuliza tu namna ya kupoza. Aliuliza: hewa hii inabeba maji kiasi gani, na tunataka ibaki na kiasi gani? Mu mwezi wa 7 mwaka ule michoro yake ilikuwa tayari. Mashini ilipaswa kushika unyevu wa hewa kwenye asilimia 55 mwaka muzima, na nguvu yake ya kupoza ililingana na kuyeyusha karibu tani 49 za barafu kwa siku. Wakati ule Carrier alikuwa na miaka 25.

Ukungu wa Pittsburgh

Bado hakutosheka. Mwisho wa mwaka ule wa 1902, alikuwa anangoja treni mu gare ya Pittsburgh, usiku, baridi, ukungu umefunika kila kitu. Akaanza kufikiri. Ukungu ni hewa iliyojaa maji paka haiwezi tena kuongeza. Lakini juu hewa ile ni ya baridi, maji yake yote ni kidogo. Hewa ya joto ndiyo inayobeba maji mengi. Kwa hiyo mutu akitengeneza ukungu wake mwenyewe ndani ya sanduku, kwa kupitisha hewa kati ya matone ya maji ya baridi anayopima, anaweza kuchagua hewa itatoka na maji kiasi gani.

Kukausha hewa kwa kuinyunyizia maji! Inaonekana kama kichekesho. Lakini toa chupa ya soda mu frigo, uiweke kwenye meza kule Walikale: dakika kidogo tu, chupa inatoka jasho. Jasho lile halitoki ndani ya chupa. Ni maji ya hewa yaliyokuja kushikama kwenye ubaridi. Kila klimatizeri inayofanya kazi leo inatoa maji kwa njia hiyo, ndiyo maana kuna kale kampira kanatiririsha maji inje ya ukuta. Carrier alipata hati ya uvumbuzi wake tarehe 2 mwezi wa 1, mwaka wa 1906. Mwaka wa 1911 alieleza mbele ya mainjenia wa Marekani hesabu zote za joto na unyevu wa hewa, na mainjenia wanatumia hesabu zile hata leo.

Kutoka viwanda mupaka maduka

Mu 1914, vita vilipoanza Ulaya, Buffalo Forge ikafunga kazi ile. Carrier na wenzake sita hawakukata tamaa. Mwaka wa 1915 wakachanga dola 32 600 na kufungua kampuni yao wenyewe. Wakati ule mashini nyingi za kupoza zilitumia amoniaki, ambayo ikivuja inachoma macho na inaweza kuua. Kuiweka chini ya duka lenye watu mamia ilikuwa hatari. Mwaka wa 1922 Carrier akaonyesha mashini mupya, ndogo kuliko zile za zamani, yenye kutumia dawa ya kupoza isiyokuwa na hatari kubwa kama amoniaki.

Hapo ndipo majengo ya biashara yakafunguka. Mwaka wa 1924, duka kubwa la J. L. Hudson mu Detroit likaweka mashini tatu. Mu sehemu yake ya chini, siku za bei ya kushuka, watu walisongamana paka wengine wakazimia. Mwenye duka alihitaji hewa kusudi wateja wasianguke, wala si kwa kujionyesha. Mwaka wa 1925 ikawa zamu ya sinema Rivoli ya New York. Watu waliingia na vipepeo mukononi kama kawaida, polepole wakaviweka chini. Mu 1928 jengo la Milam, la gorofa 21 mu San Antonio, likawa jengo refu la kwanza la maofisi kupozwa lote.

Kila jengo lilipata mashini yake. Emprimeri ilitaka unyevu usiobadilika. Duka lilitaka kuondoa joto la watu wengi. Sinema ilitaka hewa ya baridi isipige watu miguuni, basi ikateremushwa kutoka juu. Na kwa majengo marefu sana, ambamo hakuna nafasi ya tiyo kubwa, Carrier alitengeneza mbele ya mwaka wa 1940 njia ya kupitisha hewa kwa mbio mu tiyo nyembamba, pamoja na maji ya kupoza chini ya kila dirisha.

Joto la chini ya udongo

Mu miaka ya 1930, kazi ya kampuni yake ilifika mu migodi ya zahabu ya Johannesburg. Shimo la Robinson Deep lilikuwa limeshuka zaidi ya kilometa 2. Mu urefu kama ule, jiwe lenyewe ni la moto, na maji yanajaza hewa. Mutu akitoka jasho mu hewa iliyokwisha kujaa maji, jasho halikauki, mwili haupoi, na anaweza kufa kwa joto bila kuguswa na jiwe. Kule mashini ziliwekwa juu ya udongo. Hewa ikapozwa na kukaushwa pale juu, kisha ikateremushwa pamoja na hewa safi ambayo vantilateri zilikuwa zinasukuma. Hawakupoza hewa iliyochoka. Hewa safi kwanza, ubaridi kisha.

Wakati wa vita vya pili, Carrier alisaidia kutengeneza, mu Cleveland, mahali pa kujaribia ndege mu baridi kali kama ya juu mawinguni. Moyo ulipomusumbua, akaacha kazi mu 1948. Alikufa tarehe 7 mwezi wa 10, mwaka wa 1950, akiwa na miaka 73.

Sasa huku kwetu

Masisi na Walikale si hewa moja. Milima ya Masisi iko juu, usiku watu wanavaa jakete, asubuhi ukungu unafunika malisho. Duka la kule halihitaji ubaridi zaidi. Shida yake ni unyevu: karatasi zinalainika, makartoni ya dawa yanaota uyoga, simenti inakamata jiwe. Mwenye depo anayenunua klimatizeri kubwa kusudi aonekane, anapoza nyumba ambayo tayari ni ya baridi. Mara nyingi vitu rahisi vinamusaidia zaidi: kuinua mizigo juu ya mbao, kufungua matundu juu na chini kusudi hewa ipite, kuziba mabati yanayovuja.

Walikale iko chini, mu pori, na kule joto na maji vinakuja pamoja. Pale klimatizeri inaweza kuwa na kazi kweli, kwa mufano mu farmasi ao mu labo. Lakini tukate pome vipande, sawa mama wa Carrier. Watu wangapi wanaingia? Mutu moja aliyekaa tu anatoa joto la wati karibu 100, basi watu kumi ni kama chuma cha kupigia nguo ambacho hakizimwi. Jua linapiga mabati namna gani, na kuna plafo? Kuta ni za matofali, ao ni mbao zenye matundu? Mu nyumba ya mbao zenye matundu, utapoza barabara. Kuranti inatoka wapi? Ikitoka kwa gurupe ya mazutu, hesabu mazutu ya kila mwezi mbele ya kuhesabu bei ya mashini, na ujue kama mashini nyingi zinavuta kuranti nyingi zaidi pale zinapowaka. Nani atakuja kuitengeneza, na atatoka wapi kama barabara imekatika?

Na tusidanganyike na ukubwa. Mashini kubwa kupita kiasi inapoza chumba haraka, kisha inazima mbele ya kukausha hewa. Unabaki mu baridi yenye majimaji, ukuta unaota uyoga. Tena, klimatizeri nyingi za ukutani zinazungusha tu hewa ileile ya mule ndani. Hazileti hewa mupya. Ofisi yenye watu wengi inahitaji tundu la hewa ao vantilateri ya kutoa hewa inje, hata kama klimatizeri ni ya bei kali.

Neno hilo la mwisho linahusu mashimo pia. Hakuna klimatizeri inayotengeneza hewa ya kupumua. Hakuna mutu apeleke motopompa ya esansi ndani ya shimo akifikiri vantilateri kidogo itatosha: moshi wake una gazi isiyo na harufu, inayoua mutu akiwa anafikiri anasinzia tu. Injini ibaki inje, mbali na mudomo wa shimo, na tiyo ipeleke hewa safi paka pale watu wanapochimba. Kama vantilateri imezima, watu watoke kwanza. Mabishano juu ya saa za kazi yatafanyika huko juu.