Beryl Markham na Mtambo Ulionyamaza

Beryl Markham alizaliwa Uingereza mwaka wa 1902. Alipokuwa na umri wa miaka minne hivi aliletwa Kenya, akakaa na baba yake katika shamba la Njoro. Alicheza na watoto wa Kinandi, akajifunza lugha yao na Kiswahili, akaenda nao kuwinda. Baba yake alikuwa mfundishaji wa farasi wa mashindano, na Beryl alipokuwa kijana aliishika kazi hiyo hiyo.

Hata mwaka wa 1931 akaanza kujifunza kuendesha eropleni mjini Nairobi. Mwalimu wake alikuwa Tom Campbell Black, rubani hodari. Walitumia eropleni ndogo iitwayo Gipsy Moth, yenye mtambo mmoja na viti viwili, kimoja mbele ya kingine. Mwalimu na mwanafunzi kila mmoja alikuwa na fimbo yake ya kuongozea.

Katika kitabu alichokiandika baadaye, Beryl anasimulia jinsi mwalimu huyo alivyofundisha. Siku moja walikuwa wakiielekea milima ya Ngong. Upepo ushukao kutoka milimani ukaanza kuisukuma eropleni chini. Beryl akajitahidi kuipandisha, isipande, na milima ikazidi kukaribia. Mwalimu aliona yote, akanyamaza. Hata hatari ilipokuwa karibu sana ndipo alipoishika fimbo, akaigeuza eropleni, wakaondoka salama. Beryl hakuusahau upepo ule maisha yake yote.

Somo lililo kubwa kwa kila rubani ni la mtambo kuzimika hewani. Eropleni huchukuliwa na upepo upitao juu na chini ya mabawa yake. Mtambo ukizimika, eropleni haianguki mara moja kama jiwe. Yaweza kuteleza hewani kitambo, maadamu ina mwendo. Basi rubani hana budi kuisukuma fimbo mbele ili pua ya eropleni iiname na mwendo usipotee. Jambo hili ni gumu, kwa maana mtu aonaye ardhi inamjia hutamani kuivuta fimbo nyuma apande juu. Naye akiivuta, mwendo hupotea, mabawa hayashiki upepo tena, na eropleni huanguka. Kwa hiyo mkono hufundishwa mpaka utii akili, wala usitii hofu.

Beryl akapata cheti cha urubani, akafanya kazi ya kuchukua barua, abiria na dawa katika Afrika ya Mashariki. Viwanja vilikuwa vichache, na aliyetua porini aliweza kukaa siku nyingi kabla ya kuonekana. Mara moja yeye mwenyewe alikwenda kumtafuta rubani mwenzake aliyepotea katika nyika ya Serengeti, akamwona akiwa hai.

Jioni ya tarehe 4 Septemba 1936 Beryl aliondoka Abingdon, Uingereza, peke yake, ili avuke bahari ya Atlantiki mpaka Amerika. Njia hiyo ni ngumu, kwa kuwa pepo nyingi huvuma kutoka magharibi na kumpinga rubani. Eropleni yake, aina ya Vega Gull, ilijazwa matangi ya petroli, wala haikuwa na simu ya upepo. Aliagizwa aache kila tangi liishe kabisa kabla ya kufungua jingine.

Usiku, katika mvua na giza, tangi la kwanza likaisha na mtambo ukanyamaza. Alikuwa futi 2,000 juu ya bahari. Mkono ulitaka kuvuta fimbo, akaisukuma mbele. Huku eropleni ikishuka gizani, akapapasa mpaka akaipata koki ya tangi la pili, akaifungua. Zilikuwa zimebaki futi 300 tu mtambo ulipoamka tena.

Asubuhi aliona pwani ya Newfoundland, akafurahi. Lakini alipokuwa akikaribia kisiwa cha Cape Breton, katika nchi ya Kanada, mtambo ukaanza kukohoa. Barafu ilikuwa imeziba tundu la kupitishia hewa katika tangi la mwisho, na petroli haikushuka vema. Akafungua na kufunga koki mara nyingi hata mikono ikatoka damu. Mwisho mtambo ukazimika. Akatafuta mahali pa kutua, akaona uwanda karibu na kijiji cha Baleine. Kumbe ulikuwa kinamasi. Magurudumu yakazama, pua ikajichimbia katika matope, na kichwa chake kikagonga kioo. Alijeruhiwa, lakini alitoka kwa miguu yake mwenyewe.

Alikuwa amekaa hewani saa 21 na dakika 25. Hakufika New York kama alivyokusudia. Lakini alikuwa mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kwenda Amerika ya Kaskazini bila kutua njiani.

Siku 14 baadaye, tarehe 19 Septemba, Tom Campbell Black aliuawa huko Liverpool, eropleni nyingine ilipoigonga yake uwanjani. Mwanafunzi wake aliishi karibu miaka 50 zaidi, akafa Nairobi mwaka wa 1986. Mwalimu hakuwako juu ya bahari usiku ule, lakini mafundisho yake yalikuwamo mkononi mwa Beryl.