Maisha ya Jaji Benedicto Kiwanuka wa Uganda

Katika darsa yetu hapa Kileleshwa twaulizwa mara nyingi: hakimu akikhofu upanga wa mtawala na makelele ya watu, hukumu yake ina thamani gani? Jawabu twaliona katika maisha ya jirani yetu, marehemu Benedicto Kiwanuka.

Alizaliwa Masaka mwaka 1922, akalelewa katika dini ya Kikatoliki. Alisoma sheria London, akawa wakili mwaka 1956. Mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda kwa muda mfupi, hata Milton Obote akamshinda katika uchaguzi wa Aprili. Mwaka 1969 Obote alimtia kizuizini. Idi Amin alipoitwaa nchi Januari 1971 alimfungua, na mwezi wa Juni akampa cheo cha Jaji Mkuu.

Hapo ndipo penye mtihani. Mtu aliyefunguliwa na mtawala, kisha akapewa cheo naye, hudhaniwa kuwa ni mtu wake. Kiwanuka hakuwa. Septemba 1972 nchi ilijaa khofu: Waasia wamekwisha amriwa kuondoka, wafuasi wa Obote wamevamia kutoka Tanzania, na redio ya serikali ikitaja maadui. Katika siku hizo aliletewa shauri la Mwingereza aliyekamatwa na askari. Kiwanuka aliitazama sheria, akaona amezuiliwa pasipo haki, akaamuru aachwe. Tarehe 21 Septemba watu wenye silaha walimtoa katika Mahakama Kuu ya Kampala, mchana kweupe. Hakurejea, wala mwili wake haukupatikana.

Wako Waislamu wamteteao Amin hata leo kwa kuwa ni mwenzao katika dini. Sisi twasema: dhulma haisilimu kwa kuwa mwenye kuitenda ni Mwislamu. Aliyeuawa ni Mkristo, na haki ilikuwa upande wake. Mwenye kuficha hayo kwa ajili ya undugu wa dini ameidhulumu dini yenyewe.

Wala sisi wa Nairobi tusijione salama. Septemba 2017, Mahakama ya Juu ilipobatilisha uchaguzi wa rais, majaji walitukanwa majukwaani na wakubwa wa nchi, na matusi yakaenezwa kwa simu. Jaji huanza kuuawa kwa ulimi kabla ya risasi, na mwenye kueneza ameshiriki. Basi, ndugu zetu, kabla ya kumlaumu jaji, tuisome kwanza hukumu yake.