UFFA FOX: Fundi aliyegeuza uzito wa nahodha kuwa silaha

MECHI 57, ushindi 52, nafasi ya pili mara mbili, ya tatu mara tatu. Straika akija na takwimu za namna hiyo, klabu kubwa zote za Ulaya zitapigana vikumbo kumsajili. Lakini rekodi hiyo ya mwaka 1928 si ya soka. Ni ya mashua ndogo ya futi 14 iliyoitwa Avenger, na aliyeichora, akaijenga na kuiendesha ni mtu mmoja: Uffa Fox.

Jamaa alizaliwa Januari 15, 1898 katika kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza, na kukulia Cowes, mji ambao watoto wake wanajua tanga kabla ya kujua hesabu. Ufundi aliupata kwenye karakana ya S.E. Saunders, waliokuwa wakitengeneza boti za kasi na ndege za kutua majini. Huko ndiko alikoona kwamba chombo chepesi chenye umbo sahihi kinaweza kunyanyuka na kuteleza juu ya maji, badala ya kuyalima kama jembe.

Utundu nao alikuwa nao. Aliwahi kuwachukua vijana wa skauti kwa mashua ya wazi, akavuka nao bahari hadi Ufaransa huku wazazi wakidhani watoto wako jirani tu. Waliporudi, wazazi walikuwa wamechachamaa, na kazi ya kuwaongoza skauti ikaishia hapo.

Avenger ilikuwa na umbo la V upande wa mbele, na upepo ukikolea ilipaa. Ila umbo peke yake halitoshi. Upepo ukisukuma tanga, mashua inataka kulala. Kinachoizuia ni mwili wa baharia anayekaa ukingoni upande wa upepo na kujinyoosha nje. Tanga likiwa kubwa kuliko uzito wake, atalazimika kulilegeza na kupoteza kasi, la sivyo anapinduka. Likiwa dogo mno, upepo ukipoa atabaki anaelea huku wenzake wakiondoka.

Fox alilielewa hilo kuliko wengi. Aliamini kuwa uzito usio na kazi ndani ya chombo una faida kwenye mashine ya kushindilia barabara tu. Uzito wa mtu ulikuwa habari nyingine, kwa sababu mtu anaweza kusogea. Avenger ileile aliivusha hadi Le Havre, Ufaransa, akiwa na wenzake wawili, wakashindana huko kisha wakarudi nyumbani kwa tanga.

Mwaka 1933 akaenda Marekani na rafiki yake Roger De Quincey, wakiwa na mitumbwi ya matanga yenye kiti cha ubao kinachosogezwa nje ya chombo. Mtu anakalia ncha ya ubao, juu ya maji, na uzito wake unafanya kazi kama wa watu wawili. Mabaharia wa mashua za Lamu, wanaokalia ubao upande wa joshi, wangemwelewa mara moja. Wageni hao wawili waliwafunga Wamarekani kwao na kuondoka na kombe lililokuwa limekaa New York kwa miongo mingi.

Pesa ndizo zilikuwa zikimpiga chenga. Kuna wakati nyumba na karakana yake vilikuwa ndani ya pantoni kuukuu. Vita vilipokuja, alibuni boti ya uokoaji iliyodondoshwa kutoka kwenye ndege kwa miavuli, na kuanzia 1943 ikawaokoa marubani walioanguka baharini.

Mtihani mkubwa wa kazi yake ukaja Olimpiki ya 1948, kwenye maji ya Torquay. Mashua yake ya Firefly, yenye futi 12, ilichaguliwa kwa mashindano ya mtu mmoja. Tatizo ni kwamba ilikuwa mashua ya watu wawili, yenye matanga ya kama mita za mraba 8.4. Sasa mwili mmoja ukabeba kazi ya miili miwili.

Kijana wa Denmark wa miaka 20, Paul Elvstrøm, hakumaliza hata mbio ya kwanza. Wengi wangefungasha virago. Yeye akakaza, akashinda mbio mbili za mwisho na kubeba dhahabu, ya kwanza kati ya nne mfululizo. Aliyeshika nafasi ya nne, Rickard Sarby wa Sweden, akaenda kuchora Finn, mashua ya mtu mmoja hasa, yenye tanga moja. Firefly haikurudi tena Olimpiki. Finn ikawa uwanja wa wanaume wazito, na wepesi wakabaki wakihangaika.

Dawa ilikuja na mashua ya Laser, iliyoingia sokoni 1971. Baadaye ilipata matanga ya saizi tatu kwa chombo kilekile: la mita za mraba 7 kwa mtu wa kilo 80 hivi, la 5.7 kwa mwepesi zaidi, na la 4.7 kwa kijana wa kilo 50.

Fox hakuyaona matanga hayo yote matatu. Alifariki Oktoba 26, 1972, akiwa na miaka 74. Firefly zake bado zinashindana vyuoni Uingereza, na safari hii kila moja ina watu wawili ndani, kama alivyoichora.