Harold Arlen: Wimbo ulioondolewa ndio ulimpa Oscar

Mwana wa mwimbaji wa sinagogi, Harold Arlen alizaliwa Buffalo, Marekani, mwaka 1905. Ndiye alitunga muziki wa "Over the Rainbow", ulioimbwa na Judy Garland katika filamu The Wizard of Oz ya 1939. Kisha onyesho la majaribio, wakubwa wa studio ya MGM waliuondoa: eti unachelewesha hadithi. Arthur Freed akaupigania, ukarudishwa. Mwaka 1940 ukashinda Oscar.

Wengi hudhani alizipata nyingi. Hapana, ni hiyo moja tu. "Blues in the Night" ulishindwa na wimbo wa Jerome Kern ambao haukutungwa kwa ajili ya filamu. Kern mwenyewe hakufurahia, na kanuni ikabadilishwa. Arlen alifariki New York mwaka 1986.