William Jones na heshima ya neno mtoro

Mwanafunzi wa leo akiitwa mtoro, huwa ametega masomo na anangoja adhabu. Katika pwani ya karne ya 19 neno hilo lilikuwa na uzito mwingine: mtoro alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Kwa maana hiyo Frederick Douglass wa Marekani, aliyetoroka Baltimore mwaka 1838 na baadaye akawa mpinzani mashuhuri wa utumwa, alikuwa mtoro. Wanafunzi wetu wengi wanamjua Douglass. Wanaomjua William Henry Jones wa Rabai ni wachache mno, na huo ndio upungufu ninaotaka tuuzibe.

Jones alikuwa Myao. Alitekwa angali mtoto, akaokolewa na Waingereza baharini, akapelekwa India. Huko, karibu na mji wa Nasik, alilelewa katika makao ya misheni, akafunzwa kusoma na ufundi. Mwaka 1864 alirejea Afrika, yeye na Ishmael Semler miongoni mwa wengine, ili kumsaidia mmisionari Johannes Rebmann huko Rabai, bara ya Mombasa.

Mwaka 1885 Jones na Semler waliwekwa wakfu kuwa mashemasi na Askofu James Hannington. Mwezi Julai mwaka uo huo Jones akaandamana na askofu huyo katika safari ya kwenda Uganda. Walipofika Kwa Sundu, mji tunaouita leo Mumias, magharibi mwa hapa Eldoret, askofu alitangulia na watu 50 akamwachia Jones sehemu kubwa ya msafara. Hannington aliuawa Busoga mwezi Oktoba. Jones alingoja hadi alipopata habari za msiba, kisha akawaongoza wapagazi kurudi pwani. Waliingia Rabai mwanzoni mwa 1886 na bendera ya buluu yenye neno Ikabodi, ambalo katika Biblia ni kilio cha utukufu uliotoweka.

Hata hivyo, kazi yake kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ilifanyika hapo hapo Rabai. Watoro kutoka mashamba ya pwani walikimbilia humo mwaka baada ya mwaka, wakajenga, wakalima. Jones, aliyeujua utumwa kwa mwili wake mwenyewe, hakuwa mtu wa kuwafukuza. Kufikia 1888 wenye watumwa walikuwa wamechoka kuvumilia, wakadai warejeshewe watu wao, na hofu ya vita ikatanda. Ndipo George Mackenzie, mwakilishi wa Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki, alipokubali kulipa fidia kwa ajili ya watoro wapatao 1,400 waliokuwa katika misheni mbalimbali. Tarehe 1 Januari 1889 hati za uhuru zilitolewa Rabai.

Ikumbukwe kwamba fidia hiyo walipewa mabwana. Watoro hawakulipwa chochote kwa miaka waliyotumikishwa. Ikumbukwe pia kwamba sheria ya kukomesha utumwa katika pwani ya Kenya haikupitishwa hadi mwaka 1907, takriban miaka 18 baadaye.

Sikanushi mchango wa manowari za Uingereza, maadamu Jones mwenyewe aliokolewa nazo. Ninachopinga ni mazoea ya kufundisha kana kwamba uhuru uliletwa na meli, nao watumwa wakaupokea wakiwa wamekaa. Watu wa Rabai walijikomboa kwa miguu yao kabla ya Kampuni kutoa hata rupia moja. Kampuni ililipa kwa sababu watoro walikuwa wameshatoroka, tena walikuwa wengi mno kurudishwa, na aliyekuwa mtumwa mwenzao hakuwafungia mlango.

Walimu wa historia na wa Kiswahili wana nafasi ya kulitengeneza jambo hili pamoja. Somo la Douglass liendelee, lakini liambatane na somo la Jones na Rabai. Na mwalimu atakapoliandika neno mtoro katika daftari la mahudhurio, amweleze mwanafunzi ni akina nani walioitwa hivyo kabla yake.