Kamaraj: Jamaa Aliyeacha Shule Kisha Akachagulia India Mawaziri Wakuu Wawili

Ukiangalia picha za siasa za India za miaka ya 60, kuna mzae mmoja hukosi kumuona. Mrefu, mweusi tititi, shati jeupe, dhoti imefungwa kiunoni, uso hauna maneno mengi. Wengine wote wanajipanga wapigwe picha vizuri, yeye amesimama hapo kando kama bawabu wa mkutano. Kumbe mkutano wenyewe ni wake.

Anaitwa K. Kamaraj. Kuna wakati hakuna mtu angekalia kiti cha Waziri Mkuu wa India bila huyu buda kukubali. Na alikuwa ameacha shule akiwa na miaka kama 11. Digrii hakuwa nayo, doo hakuwa nayo, bibi na watoto hakuwa nao, na Kihindi chenyewe, lugha ya wakubwa wa Delhi, alikuwa hakijui.

Tuanze kwao. Alizaliwa 15 Julai 1903 Virudhunagar, mji wa biashara huko kusini, pande za Watamil. Familia yake ilikuwa ya jamii ya Wanadar. India ya enzi hizo ilikuwa na mambo ya matabaka, yaani unazaliwa ukiwa umeshapewa namba yako kwa foleni, na Wanadar walikuwa wamepewa namba ya huko nyuma kabisa. Kazi yao ya jadi ilikuwa kugema tembo, na kuna mahekalu hawakuruhusiwa hata kukanyaga. Wengine walijitoa wakaingia biashara, na babake Kamaraj alikuwa mmoja wao, alikuwa anauza nazi. Lakini mzae akafariki kijana akiwa na miaka kama sita hivi. Mathe, Sivakami, akabaki na watoto wawili na shida tupu. Hapo ndipo shule iliishia. Kijana akapelekwa duka la mjomba kusaidia kuuza.

Sisi wengine tuliacha chuo na mathe bado anauliza tutarudi lini. Huyu hakuna mtu alikuwa na nafasi ya kumuuliza.

Duka lilimchosha haraka. Alikuwa akisikia kuna mkutano wa siasa mjini anahepa, anaenda kusikiza. 1919 Waingereza wakapiga watu risasi Amritsar, mamia wakafa, na kijana wa miaka 15 kule kusini akaamua yeye na wakoloni ni basi. Akaingia chama cha Congress kama mtu wa mkono: kubandika matangazo, kuita watu, kupanga mikutano. Familia ikaona huyu anapotea, ikamtuma Trivandrum kwa mjomba mwingine aliyekuwa na duka la mbao, eti siasa zimtoke kichwani. Zikaongezeka. Huko karibu kulikuwa na maandamano ya Vaikom, watu wa tabaka la chini wakidai haki ya kupita tu kwa barabara za karibu na hekalu, na yeye akajiunga. Wakarudi na mpango wa kumtafutia mke. Akakataa, na hakuwahi kuoa maisha yake yote.

Jela ndiyo ilikuwa chuo chake. 1930 Gandhi alipoanzisha ile vita ya chumvi, Watamil walikuwa na matembezi yao ya kwenda Vedaranyam, na Kamaraj akafungwa. Akatoka, akarudishwa. Ukijumlisha miaka yote aliyokaa ndani chini ya Waingereza ni kama tisa hivi. Alitumia muda huo kusoma na kujifunza Kiingereza kidogo kidogo. 1941 watu wa Virudhunagar walimchagua mwenyekiti wa baraza la mji akiwa bado amefungwa. Akatoka, akaenda kwa mkutano mmoja, akajiuzulu, akasema kwa ufupi kwamba mtu asikalie kiti ambacho hawezi kukifanyia kazi. Mwaka uliofuata akaingizwa tena, safari hii mpaka 1945.

Sasa kuna mtu mnafaa kumjua hapa: Rajagopalachari, wengi walimwita Rajaji. Wakili, Brahmin, amesoma akasoma tena, mwandishi wa vitabu, na ndiye Mhindi wa pekee aliyewahi kuwa Gavana Mkuu wa India. Yeye na Kamaraj walikuwa chama kimoja lakini hawakuwa wanapikika chungu kimoja. Rajaji alikuwa na akili na jina. Kamaraj alikuwa na matawi ya chama, kijiji kwa kijiji, kwa sababu alikuwa amezunguka yote kwa miguu. Tangu 1940 alikuwa mwenyekiti wa Congress upande wa Watamil, na aliyekuwa amemlea kisiasa, Satyamurti, ndiye alikubali kuwa katibu chini yake. Fikiria tu mwalimu wako akubali kukuita bosi.

1953 Rajaji akiwa mkuu wa serikali ya jimbo la Madras akaleta mpango mmoja wa elimu ambao ulimmaliza. Watoto wa vijijini wasome nusu siku, halafu nusu nyingine warudi nyumbani wajifunze kazi ya baba. Kwa karatasi ni fom poa. Lakini kwa nchi ya matabaka maana yake ni nini? Mtoto wa mfua nguo abaki mfua nguo, wa kinyozi abaki kinyozi, na mtoto wa wakili aendelee kuwa wakili. Watu waliwaka. 1954 Rajaji akajitoa, na tarehe 13 Aprili yule mtoto wa duka akaapishwa kukalia kiti chake. Ni cheo kama cha gavana, lakini gavana wa watu kama milioni 30.

Angeweza kulipiza kisasi. Badala yake akachukua C. Subramaniam, jamaa aliyeshindana naye kwa hicho kiti, akampa uwaziri. Baraza lake lilikuwa la watu wanane tu. Na idara ya kusimamia mahekalu ya Wahindu akampa P. Parameswaran, Mdalit, mtu wa jamii iliyokuwa inafukuzwa mlangoni mwa mahekalu hayo hayo. Sasa makuhani walilazimika kumpokea kama mheshimiwa.

Ule mpango wa nusu siku akautupa. Shule zilizokuwa zimefungwa zikafunguliwa, maelfu mengine yakajengwa, karo ikaondolewa. Lakini watoto bado hawakuja wote. Kuna hadithi inasimuliwa sana huko Tamil Nadu: kwamba siku moja gari lake lilisimama kwa kizuizi cha reli, akaona vijana wanachunga mifugo saa za masomo. Akauliza mmoja mbona hayuko darasani. Kijana naye akamuuliza kama akienda shule, mheshimiwa ndiye atamlisha. Iwe ilitokea hivyo au watu wameipamba, hesabu ni ya kweli. Familia maskini ikipeleka mtoto shule inapoteza mikono ya kazi, na bado huyo mtoto atarudi na njaa.

Kwa hivyo 1956 akaanzisha chakula cha mchana shuleni kwa watoto maskini. Watu wa hazina walilia hakuna pesa. Yeye akaenda kwa vijiji kuomba wenyewe wachange mchele na nafaka, wakachanga, serikali ikaongeza yake. Halafu sare za shule, ili mtoto wa tajiri na wa maskini wakae dawati moja bila kuonekana nani ni nani. Miaka ya 80 mpango huo ulipanuliwa sana, na leo makumi ya mamilioni ya watoto India nzima wanakula shuleni mchana.

Kulikuwa na mabwawa pia, na viwanda, na reli. Hayo tuwaachie wanahistoria. Mimi kinachonibamba ni mambo ya mathe. Inasemekana maafisa wa Virudhunagar, kwa kutaka kujipendekeza, waliweka mfereji wa maji ndani ya nyumba ya mama wa mkubwa. Kamaraj aliposikia akaagiza ung'olewe, mathe achote maji kwa mfereji wa mtaa kama majirani. Alikuwa anamtumia pesa kidogo za matumizi kila mwezi, na kuhamia kwake Madras hakumruhusu, maana ndugu wakijaza nyumba ya kiongozi, shida zao zinageuka kazi za serikali. Kusema ukweli hapo naona alikazia mathe kupita kiasi.

1963 akafanya kitu ambacho mwanasiasa hafanyi. Congress ilikuwa imechoka. India ilikuwa imechapwa na China 1962, uchaguzi mdogo unapotea, wakubwa wamenenepa kwa viti. Akampelekea Nehru mpango: wazito wajiuzulu serikalini warudi kujenga chama mashinani. Akaanza na yeye mwenyewe, tarehe 2 Oktoba 1963. Mawaziri sita wa Delhi na wakuu wa majimbo sita wakaenda nyumbani. Morarji Desai, aliyekuwa anangoja kumrithi Nehru, aliona ni njama ya kumtoa njiani, na huenda hakukosea sana. Kamaraj akawa mwenyekiti wa chama nchi nzima.

Nehru akafa 27 Mei 1964. Kila mtu anaogopa nchi itavunjika. Kamaraj akaita wabunge mmoja mmoja, akasikiza, hakuandika kitu, kisha akatoka na jina: Lal Bahadur Shastri. Miezi 19 baadaye Shastri akafa ghafla Tashkent, Januari 1966. Safari hii wengi walimgeukia Kamaraj mwenyewe achukue. Akakataa. Alijua hawezi kuongoza nchi ambayo nusu yake hawezi kuongea nayo, Kihindi hana, Kiingereza chake ni cha jela. Akamsukuma Indira Gandhi, binti wa Nehru, akambwaga Desai kura 355 kwa 169.

Wazee wa chama walidhani Indira atakuwa kasichana ka kuelekezwa. Wueh! Juni mwaka huo huo alishusha thamani ya rupia, kutoka 4.76 kwa dola hadi 7.50, bila hata kumuuliza mwenyekiti wa chama chake. Kamaraj akaelewa ameokota nini.

Halafu ikaja 1967, na hii ndiyo inauma. Watamil walikuwa wamekasirishwa na Delhi kulazimisha Kihindi, wanafunzi waliandamana 1965, wengine wakauawa, na serikali iliyowapiga ilikuwa ya Congress. Mchele ulikuwa haba. Chama cha DMK kikaja na ahadi ya vipimo vitatu vya mchele kwa rupia moja, na kikaja na masupastaa wa filamu. Mkubwa wao, MGR, alipigwa risasi na mwigizaji mwenzake wiki chache kabla ya kura, na mabango yake akiwa na bendeji shingoni yakajaa kila mtaa. Ungeshindana vipi na hiyo?

Kamaraj aliwania kwao Virudhunagar. Akaangushwa kwa kura 1,285. Aliyemwangusha alikuwa kiongozi wa wanafunzi, P. Seenivasan, kijana hata 30 hajafika. Kizazi kilichokula uji na wali wa shule za Kamaraj kilikuwa sasa kinasoma magazeti, kinaandamana, kinapiga kura. Congress ikatoka madarakani huko na haijawahi kurudi kuongoza jimbo hilo mpaka wakati wa kifo chake wala miaka mingi iliyofuata.

Alirudi bungeni 1969 kupitia uchaguzi mdogo wa Nagercoil. Mwaka huo huo Indira na wazee walipasua chama katikati, Kamaraj akabaki na wazee. 1971 Indira akafagia nchi. Kwa Tamil Nadu yote upande wa Kamaraj ulipata kiti kimoja cha bunge la Delhi, chake mwenyewe. Juni 1975 Indira akatangaza hali ya hatari, akafunga wapinzani, Desai akiwemo. Mzae alikuwa anamuona yule aliyemuweka akijaza jela zile zile alizozijua yeye.

Alifariki 2 Oktoba 1975 nyumbani Madras, moyo, akiwa amelala, miaka 72. Ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Gandhi, na miaka 12 kamili tangu aache kiti cha jimbo. Mwaka uliofuata serikali ya Indira ikampa Bharat Ratna, tuzo kubwa kuliko zote India.

Nyumba aliyofia ilikuwa ya kupanga. Walipokagua vitu vyake, inasemekana walipata shati na dhoti chache, viatu vya wazi jozi mbili, vitabu kidogo, na rupia kama 130.