Kisabengo

Kisabengo (alifariki kabla ya mwaka 1871) alikuwa mtawala wa asili ya Kizigua aliyejenga mji wenye ngome wa Simbamwene, chini ya milima ya Uluguru, katika eneo la mji wa Morogoro wa leo.

Hakutoka katika ukoo wa watawala. Alipata nguvu kwa kukusanya watumwa waliotoroka, akawaongoza kushambulia vijiji na kujitwalia ardhi ya Waluguru. Wanaomtaja kama mwanzilishi wa Morogoro tu husahau upande huo: kiongozi wa watoro alikuwa pia mtekaji wa watu.

Mahali alipochagua palikuwa na faida kubwa. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe ilipata chakula hapo kabla ya kuvuka mbuga ya Mkata kuelekea Kilosa na milima ya Usagara. Sehemu ya mbuga hiyo sasa imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Wakati wa masika Mkata hugeuka kuwa matope na maji, kwa hiyo msafara haukuweza kumkwepa kirahisi mwenye ngome, naye alidai hongo.

Habari nyingi za mji huo zimetoka kwa Henry Morton Stanley, aliyefika Aprili 1871. Alikuta ukuta wa mawe wenye minara kwenye pembe zake, milango minne ya mbao zilizochongwa, na nyumba alizokadiria kufikia 1,000. Alimhesabu Kisabengo kuwa mnyang'anyi, ingawa ngome yake ilimstaajabisha. Ikumbukwe kwamba hakuwahi kumwona: Kisabengo alikuwa ameshafariki na kumwachia binti yake mkubwa utawala pamoja na jina la Simbamwene. Binti huyo naye hakuwa wa mchezo. Askari wa Stanley waliorudi kumtafuta mpishi aliyetoroka aliwakamata, akidai hongo zaidi.

Mwaka 1872 Stanley alipita tena akirudi pwani baada ya kumwona David Livingstone. Ilikuwa majira yaleyale ambapo tufani kubwa iliipiga Zanzibar. Mafuriko yalikuwa yamebomoa ukuta wote wa mbele na nyumba zipatazo 50, na Simbamwene alikuwa amekimbia. Hata hivyo ukoo haukupoteza utawala. Jina la Kingo, mzao wa Kisabengo aliyetawala wakati wa Wajerumani, limebaki katika kata mojawapo ya Manispaa ya Morogoro.